Sokwe, mitego na miwa: utafiti wa uzamivu usio na idara yake

Swali la msomaji: «Shikamoo Mwalimu. Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu iko Masindi, Uganda. Nazunguka kwa wakulima wa miwa na mahindi walio jirani na msitu wa Budongo, na nimewaona sokwe waliopoteza viganja kwa mitego ya waya. Nataka kusomea shahada ya uzamivu kuhusu watu, sokwe na mitego. Idara moja imeniambia mada hii ni ya sayansi ya jamii, nyingine imenielekeza kwa wanabiolojia. Wenzangu wananionya kwamba ukichanganya fani unatoka huna fani. Nichague upande upi? Na kazi nitapata?»

Marahaba, daktari. Jiandikishe upande ule unaoweza kuusimamia mbele ya watahini, na kwa shahada uliyo nayo nadhani huo ni upande wa wanyama na afya yao. Lakini hilo ni suala la usajili tu. La kukuumiza kichwa ni swali lenyewe. Mchanganyiko wa fani hauletwi na wasimamizi wawili kutoka majengo mawili, wala na tasnifu yenye sura tatu za sokwe ikifuatiwa na sura mbili za hojaji. Tasnifu za namna hiyo nimezisoma nyingi, na kwa kawaida ukizikata katikati kila kipande kinaendelea kuishi bila mwenzake. Tafuta swali ambalo ukiling'oa nusu moja, nusu ya pili inakosa jibu.

Mfano mzuri uko hapohapo kwenu. Watafiti wa Budongo waliona sokwe wakila kitu kisichotarajiwa, kinyesi cha popo kilichorundikana ndani ya shina la mti lenye uwazi. Kamera walizotega kati ya 2017 na 2019 ziliwanasa sokwe, mbega na funo wakija hapo mara mamia. Mtu wa tabia za wanyama angeandika makala kuhusu lishe ya ajabu na kuishia hapo. Wao waliendelea kuuliza sokwe walikuwa wakipata wapi madini hayo zamani. Walikuwa wakiyapata kwenye miwale, ile michikichi ya majimaji ambayo shina lake likioza ndani huwa na chumvi nyingi. Miwale imekwenda wapi? Imekatwa. Wakulima wa tumbaku walikuwa wakichuna nyuzi zake kufungia majani ya tumbaku wakati wa kuyakausha, na kufikia 2012 katika eneo hilo ilikuwa imekwisha kabisa. Kisha maabara ikapima kile kinyesi na kukuta aina 27 za virusi, mojawapo kirusi kipya cha jamii ya korona. Haikuonyeshwa kwamba kuna sokwe au mtu aliyeugua kwa njia hiyo, na usiandike hivyo popote. Ila matokeo hayo yalipochapishwa mwaka 2024 mnyororo ulikuwa wazi: kilimo cha tumbaku, nyuzi, chumvi, popo, virusi. Ondoa mkulima wa tumbaku kwenye hadithi hiyo uone kinachobaki. Ni sokwe mwenye ulaji usioeleweka.

Mfano wa pili ni wa fani yako kabisa. Mwaka 1996, Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka akiwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya daktari wa wanyamapori wa hifadhi za taifa, gorila wa msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, walipata upele. Mtoto mmoja wa gorila alikufa, wengine wakapona kwa dawa ya ivermectin. Kwa daktari wa mifugo kazi ingeweza kuishia kwenye sindano. Lakini chanzo kilichoshukiwa kilikuwa nguo chakavu ambazo wakulima walikuwa wamevalisha sanamu za kufukuzia wanyama mashambani, na gorila walikuwa wakitoka msituni kuja kula migomba. Wenye nguo hizo walikuwa na upele kwa sababu zahanati ilikuwa mbali na maji ya kufulia ni ya shida. Shirika aliloanzisha baadaye, mwaka 2003, lilijengwa juu ya hoja hiyo, kwamba ukitaka gorila wasiugue, mtibu jirani yao. Hoja hiyo huwezi kuifikia kwa darubini peke yake.

Kuna kisa cha tatu, na hiki huwa nawapa wanafunzi wanaodhani sayansi ya jamii ni pambo la kuongezea mwishoni. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua Marburg, homa kali ya virusi inayoua. Mgodini walikuwemo popo wengi mno, na popo hao ndio wanaobeba virusi hivyo. Mwaka uliofuata wenye mgodi wakaamua kuwaangamiza. Ungetegemea tatizo limekwisha. Popo walirudi wachache, na walipopimwa mwaka 2012, baada ya mlipuko mwingine kutokea wilaya ya Ibanda na kwingineko, kiwango cha walioambukizwa kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha awali. Uamuzi wa watu wenye hofu na mtaji wao uligeuza biolojia ya kundi zima la popo. Ni nani aliyeshauri? Wachimbaji walielewa nini walipoambiwa popo ndio chanzo? Nani alikuwa na mamlaka ya kuwazuia? Maswali hayo yana uzito sawa na vipimo vya damu, na yanahitaji mtu aliyejifunza kuyauliza.

Sasa tuje kwenye mitego. Ulivyoeleza mada yako, «watu, sokwe na mitego», hilo ni eneo, bado si swali. Wenyeji wote wa Budongo wanajua kwamba anayetega waya hamtegi sokwe. Anamtaka funo au nguruwe pori, sokwe ananaswa kwa kupita. Hilo limeandikwa tangu zamani. Mtafiti Vernon Reynolds alianza kuwachunguza sokwe wa huko mwaka 1962, na mradi uliozaa kituo cha utafiti cha sasa ulianza 1990. Ukija na tasnifu inayothibitisha kwamba mitego inaumiza sokwe, mtahini atakuuliza umeongeza nini.

Wewe una jicho ambalo mwanasosholojia hana. Ukiona kovu unaweza kukadiria limekaa muda gani, unajua jeraha la waya mwembamba wa breki ya baiskeli linatofautianaje na la kamba ya nailoni, na unaweza kusema kama mnyama alijinasua mapema au aliburuta waya kwa wiki kadhaa. Pia unaingia kwenye nyumba za watu kutibu mbuzi wao, kwa hiyo unajua ni lini pesa hazipo. Yaunganishe hayo mawili. Swali moja linaloweza kusimama ni hili: je, majeraha mapya kwa sokwe yanaongezeka katika miezi ambayo nyumba za pembezoni hazina pesa, na pesa hizo zinakosekana kwa sababu ya karo, au ya malipo ya miwa yanayochelewa, au ya shamba lililoliwa? Hapo unahitaji kalenda mbili, ya majeraha msituni na ya mfuko wa nyumba kijijini, na moja bila nyingine haina maana. Unaweza kugundua kwamba hazilingani kabisa. Hata hayo ni matokeo, na yatawakera watu wengi wanaoamini umaskini unaeleza kila kitu.

Jihadhari na neno «hasara» kwenye hojaji yako. Miaka ya 1990 utafiti uliofanywa pembezoni mwa hifadhi ya Kibale ulipima mashamba kwa futi kamba na pia ukawasikiliza wenye mashamba. Uharibifu mwingi ulikuwa ndani ya mita 200 hivi kutoka ukingo wa msitu. Mbuzi na ng'ombe wa majirani nao walikuwa wakila sana mazao, ila malalamiko hayakuwaelekea wao kama yalivyowaelekea tembo na nyani. Mbuzi ana mwenyewe, utamfuata, mtabishana, mwenyekiti wa kijiji (LC1) ataitwa, utalipwa japo nusu. Nyani ni wa serikali, na serikali huipati uani ukiiita. Kwa hiyo ukipima magunia tu utaandika kwamba wakulima wanatia chumvi, na ukisikiliza tu utaandika kwamba wanyama wanamaliza kila kitu. Aliyefanya vyote viwili aliona kwamba kinachouma ni kukosa wa kumdai. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 iliweka mpango wa fidia, na tangu awali ipo asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi inayorudi kwa jamii jirani. Lakini Budongo ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, si hifadhi ya taifa, kwa hiyo chunguza kwa makini kipi kinawahusu watu wako na kipi hakiwahusu. Jambo hilo peke yake lingetosha sura nzima.

Na historia usiiruke. Wanasayansi wa wanyama wana tabia ya kuanza kuhesabu siku walipofika wao. Budongo imevunwa mkangazi na mbao nyingine kwa miongo mingi ya karne iliyopita, na mpangilio wa miti ya matunda wanayokula sokwe leo umechongwa na uvunaji huo. Wafanyakazi wa viwanda vya mbao, na baadaye wa miwa, walitoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, na Kongo, ndiyo maana Nyabyeya, pembezoni mwa msitu, unasikia Kilugbara, Kialur na Kiswahili kabla ya kusikia Kinyoro. Ukubwa wa jambo hili unaonekana zaidi kwingineko. Ugonjwa wa malale ulioanza pwani ya Ziwa Victoria yapata 1900 uliua watu zaidi ya 200,000, na gavana Hesketh Bell akawahamisha wakazi wa ufukweni. Sehemu kubwa za zilizokuja kuwa hifadhi za Murchison Falls na Queen Elizabeth, zilizotangazwa zote mwaka 1952, zilikuwa zimehamwa kwa sababu ya malale. Mgeni anapiga picha mbuga tupu akidhani ndivyo ilivyoumbwa. Batwa, jamii iliyoishi msituni kwa kuwinda na kukusanya, walitolewa Bwindi mwaka 1991 ilipofanywa hifadhi ya taifa, na wapo hai, wanaweza kukueleza. Ukipata wiki mbili, kaa kwenye Nyaraka za Taifa pale Wandegeya usome faili za misitu za Bunyoro. Ni kazi ya vumbi na haina posho.

Sasa jambo litakalokutesa zaidi uwandani, maana linagusa usalama wa watu. Kutega ni kosa la jinai. Ukimuuliza mtu kama anatega na akakujibu ndiyo, umeshika ungamo lake kwenye daftari. Usitembee na askari wa msitu siku za mahojiano, usiandike majina, usichukue majira ya GPS ya nyumba, na ujue kabla utafanya nini daftari hilo likitakiwa. Kwa makadirio ya jumla ipo njia ya kuuliza bila kumfunga mtu, nayo imewahi kutumika pembezoni mwa Bwindi. Tuseme una watu 400. Unawagawa kwa kura makundi mawili. Kundi la kwanza unalisomea mambo manne: kuuza miwa, kuokota kuni, kukopa SACCO, kufuga nguruwe. La pili unalisomea hayohayo manne na la tano, kutega waya msituni. Humuulizi yeyote amefanya lipi, unamuuliza amefanya mangapi mwaka huu. Anakutajia namba tu. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 1.8 na wa kundi la pili 2.1, ile 0.3 iliyozidi inakuambia takriban watatu kati ya kumi wametega, na hakuna hata mmoja aliyejitaja. Kasoro zake ni kwamba inahitaji watu wengi ndipo namba itulie, na haikuambii kwa nini wanatega. Kwa nini utaipata kwa kukaa, tena bila kalamu mkononi.

Nalo hili watu wa mjini hawaliwazi: lugha utakayoulizia. Kiswahili kitakufikisha kwa wengi Nyabyeya na Bweyale, lakini kuna wazee ambao Kiswahili kwao ni sauti ya mwanajeshi au askari wa doria, na ukiwauliza habari za mitego kwa lugha hiyo watakupa majibu ya askari. Tafuta msaidizi anayezungumza lugha ya nyumba husika, mlipe vizuri, na mweke kwenye shukrani za tasnifu kwa kazi aliyofanya hasa.

Mwili wako nao ni sehemu ya mbinu za utafiti. Mwaka 2013 sokwe watano wa Kanyawara, Kibale, walikufa katika mlipuko wa mafua uliosababishwa na kirusi cha binadamu, kile ambacho kwa watoto wetu ni kamasi za wiki moja. Wewe utatoka kwenye banda la nguruwe asubuhi, mchana kwenye shule, jioni unataka kufuata sokwe. Panga siku zako kwa kufuata hilo, vaa barakoa, shika umbali unaoelekezwa na kituo, na ukiwa na kikohozi lala nyumbani. Liandike kwenye sura ya mbinu. Watahini wachache hulitarajia na wote huliheshimu.

Wasimamizi: chukua wawili, mmoja wa kila upande, na kabla hujaandika pendekezo waketishe pamoja, hata kwa simu, mkubaliane kwa maandishi ukurasa mmoja tu. Tasnifu itakuwa kitabu kimoja au makala zilizochapishwa? Kiasi gani cha sampuli kinatosha kwa upande wa majeraha, na mahojiano mangapi yanatosha kwa upande wa watu? Nani ana neno la mwisho wakitofautiana? Wakikataa kuketi pamoja sasa, hawataketi mwaka wa nne. Kingine ambacho wengi hukumbuka wakiwa wamechelewa ni mtahini wa nje. Tasnifu za fani mbili nyingi huanguka hapo. Mwanabiolojia atasema mahojiano 40 si sampuli, mwanaanthropolojia atasema majedwali yako hayana nadharia, na kila mmoja ana haki kwa sheria za kwao. Dawa ni kuandika, ndani ya tasnifu, kila aina ya ushahidi inapimwa kwa kigezo gani na kwa nini, na kumwomba msimamizi apendekeze mtahini ambaye mwenyewe amewahi kuchapisha kwa kuvuka mpaka huo.

Kuhusu chuo, Makerere ina kitivo cha tiba ya mifugo na kile cha kilimo na mazingira, na taasisi yake ya utafiti wa jamii, MISR, ina uzamivu wa fani mchanganyiko wenye masomo ya darasani. Hata usipojiandikisha MISR, omba uhudhurie masomo ya nadharia na ya utafiti wa uwandani kwa mwaka mmoja. Kwa daktari wa mifugo hilo ndilo pengo kubwa, na halizibwi na warsha ya siku tatu hotelini. Mbarara nayo ina taasisi yake ya misitu ya kitropiki kule Ruhija, ambako wanabiolojia na watu wa jamii wamekuwa wakila meza moja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Vibali vina mpangilio wake. Pendekezo lipite chuoni, kisha kamati ya maadili ya utafiti, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha mwenye eneo, ambaye kwako ni Mamlaka ya Misitu, na Mamlaka ya Wanyamapori pia kwa kuwa sokwe ni wao popote walipo. Halafu barua kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na mwisho LC1. Kwa kuwa una watu na wanyama, tarajia kuulizwa maadili ya pande zote mbili, na kama utachukua kinyesi au nywele za sokwe kupeleka maabara ya nje, vibali vya kusafirisha sampuli ni safari nyingine. Kadiria miezi, si wiki. Tumia muda huo kusoma na kujenga urafiki kijijini bila kukusanya chochote.

Kazi? Tangu 2016 wizara za afya, kilimo na maji na mazingira, pamoja na Mamlaka ya Wanyamapori, zina jukwaa la pamoja la afya ya watu, wanyama na mazingira, na wanaohitajika humo ni wale wanaoweza kusoma ripoti ya maabara na kumbukumbu za mkutano wa kijiji kwa siku moja. Si kwamba ajira zinakusubiri. Vyuoni bado utaajiriwa kwa idara, ndiyo sababu nimekuambia usajili wako ubaki pale unapoweza kufundisha. Shahada ya tiba ya mifugo hainyang'anywi na mtu kwa kuwa umejifunza kuhoji watu.

Kabla ya yote, nenda kwenye chama cha wakulima wa miwa wa eneo lako uulize kama wanatunza tarehe za malipo ya miaka mitano iliyopita, na uulize kituo cha utafiti kama kumbukumbu zao za majeraha zina mwezi au zina mwaka tu. Zikiwa na mwaka tu, ile kalenda niliyokushauri haitafanya kazi. Niandikie tutafute swali jingine.